Zamu ya Kukaa na Babu

Kila asubuhi Mama Banne alichemsha kahawa, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha Babu Layuk. Banne alikibeba kwa mikono miwili mpaka chumba cha nyuma, akakiweka kwenye kigoda kando ya kitanda, kisha akasema, "Shikamoo, babu. Kahawa hii hapa. Ni ya moto, usijiunguze."

Babu hakujibu. Babu alikuwa amekata roho tangu mwaka uliopita, wakati wa mavuno ya mpunga. Lakini kwetu Toraja, huku milimani, mtu haitwi marehemu kwa sababu tu pumzi imekatika. Mpaka jamaa wote warudi kutoka huko waliko, mpaka nyati wa kufugwa wa kuchinjwa wapatikane na sherehe ya mazishi ifanywe, yeye bado ni mgonjwa wa nyumba. Mwili wake hutiwa dawa usiharibike, hulazwa kitandani kwa nguo zake nzuri, huletewa chakula na huambiwa habari za kijiji. Na haachwi peke yake. Nyumba itakayomwacha mgonjwa wake peke yake, maneno yake huko sokoni, we acha tu! Sisi kwa maneno hatujambo.

Banne alikuwa na miaka kumi na miwili, tena alikuwa darasa la sita, ambalo kwetu ndilo la mwisho katika shule ya msingi. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alikuwa wa wale ambao mkono wao uko juu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza swali. Aliyempeleka shule siku ya kwanza alikuwa babu huyu huyu. Wakati ule baba yake, Rerung, alikuwa upande wa pili wa kisiwa akifanya kazi kwenye mgodi wa nikeli, na alirudi nyumbani siku za sikukuu tu. Babu ndiye aliyemfunga Banne nywele, vibaya kweli, upande mmoja juu na mwingine chini, akamshika mkono mpaka mlangoni pa darasa.

Babu alipokata roho, Rerung aliacha kazi ya mgodi akarudi kulima. Miezi ya kwanza aliyekaa na mgonjwa mchana alikuwa Shangazi Bokko, dada yake Rerung. Halafu simu ikaja kutoka Papua, ng'ambo ya bahari: binti wa shangazi amejifungua, na hana mtu wa kumsaidia. Shangazi akafunga mizigo yake. Rerung na mkewe walikuwa na shamba la kahawa na majaruba ya mpunga, na kazi ilikuwa imewafika shingoni.

"Kaa na babu yako wiki hii tu, mwanangu," Rerung alimwambia Banne. "Shangazi akirudi, na wewe utarudi shule."

Shangazi hakurudi. Mara mtoto mchanga ana homa, mara mama yake hajapata nguvu, mara bahari imechafuka na meli haziondoki. Ile wiki moja ikazaa nyingine, na hiyo nayo ikazaa nyingine. Hakuna aliyekwenda shuleni kueleza chochote, na hakuna aliyetoka shuleni kuja kuuliza.

Lililomtesa Banne ni kwamba shule ilikuwa inaonekana. Ilikuwa ng'ambo ya bonde, juu kidogo ya majaruba, na kutoka dirisha la chumba cha babu aliwaona wanafunzi uwanjani kwa sare zao, mashati meupe na sketi na kaptura nyekundu, wadogo kama punje. Kengele alikuwa akiisikia. Nyimbo alikuwa akizisikia. Upepo ukikaa vizuri, aliisikia hata sauti ya Mwalimu Kombong, ambaye kijiji kizima kinajua kwamba akifundisha jedwali la kuzidisha hata kuku huzidisha.

Basi wazazi wakishaondoka, Banne alivaa sare yake. Alijifunga nywele, akavaa shati jeupe na sketi nyekundu, akaketi kwenye mkeka miguuni pa babu, kitabu mapajani. Alisoma kwa sauti. Alijiuliza maswali na kujijibu. Pengine aligeuka akasema, "Babu, unajua jibu? Hujui? Haya, nitakusaidia." Kisha alicheka peke yake, halafu kicheko kilikatika, akabaki kutazama ng'ambo ya bonde. Alitamani kusukumwa kwenye mstari. Alitamani vumbi la chaki, na hata zile kelele za Duma, mvulana wa dawati la nyuma aliyekuwa akimvuta nywele. Alitamani mtu amwite jina lake, naye aseme, "Nipo!" Mchana, kabla mama hajarudi, aliivua ile sare, akaikunja na kuificha.

Mchana mmoja Sesa, rafiki yake, alisimama chini ya ngazi na mkoba mgongoni.

"Banne! We Banne! Umeolewa na hicho chumba nini?"

Banne akatoa kichwa dirishani. "Usipige kelele, babu amepumzika."

"Shikamoo, babu!" Sesa aliita kwa heshima, kisha akashusha sauti. "Njoo nikupe habari. Si nzuri."

"Sema hapo hapo. Siwezi kushuka."

"Mwalimu Kombong amesema kesho kutwa ni mtihani wa majaribio. Mtu asiyefanya wa majaribio, wa mwisho haufanyi. Atarudia darasa. Sisi twende sekondari mjini, wewe ubaki ukae na kina Limbong wa darasa la tano wanaokula chaki!"

Banne hakucheka. "Labda mwalimu alikuwa anatisha tu."

"Anatisha? Ameita mkutano wa wazazi, baba yako hakuja. Ameita wa pili, hakuja. Sasa mwalimu amechoka." Sesa aliupanga mkoba wake vizuri. "Kiti chako bado nakishika. Naweka mkoba wangu juu yake. Lakini Banne, mkoba hauwezi kuandika mtihani."

Jioni ile walikula wali na majani ya muhogo yaliyopikwa na nyama ya nguruwe ndani ya mwanzi. Sahani ya babu ilikuwa imeshatangulia. Banne alisubiri baba yake ashibe kidogo.

"Baba, Sesa anasema kesho kutwa kuna mtihani. Nisipoufanya nitarudia darasa."

Rerung hakuinua kichwa. "Shule haikimbii, Banne. Imejengwa kwa saruji ile, itakwenda wapi? Anayeondoka ni babu yako. Mwaka huu tunaye, mwaka kesho hatunaye."

"Na mkutano wa wazazi, baba?"

"Kufundisha ni kazi ya walimu, wafundishe. Mimi nina shamba, na nina mgonjwa ndani."

"Lakini Baba Banne," mama alianza taratibu.

"Lakini nini? Unataka nimfungie baba yangu mlango kama gunia la kahawa, halafu niende kwenye mikutano? Watu watasema nini? Watasema Rerung alimkimbia mzee akiwa hai, na sasa anamkimbia tena!"

Mama akamwongezea mumewe mchuzi ambao hakuuomba. Banne aliangalia sahani yake. Angekuwa hampendi babu, angekasirika vizuri, akalia, akagoma kula. Lakini alimpenda. Naye hakutaka babu aachwe. Alitaka vyote viwili, na kimoja kilikuwa chumba cha nyuma na kingine kilikuwa ng'ambo ya bonde.

Siku ya mtihani wazazi waliondoka mapema, maana kahawa mbivu zilikuwa zinaanguka. Banne alivaa sare. Akaketi kwenye mkeka kama kawaida yake. Kisha kengele ikalia, na miguu yake ikasimama yenyewe.

"Babu," alisema. "Naenda na kurudi. Usinikasirikie. Usimwambie baba."

Alisogeza taa karibu. Alijaza kikombe. Halafu akaona haitoshi, akaichukua redio ya baba yake, akaiweka kwenye kigoda na kutafuta kipindi cha bei ya kahawa. Kipindi hicho babu alikipenda sana alipokuwa na uhai, si kwa sababu bei zilikuwa nzuri, bali kwa sababu alipenda kuzibishia. "Haya, babu, una mtu wa kuzungumza naye," Banne alisema. Akateremka ngazi mbio, akakatiza majarubani kwenye kingo nyembamba za matope, viatu mkononi.

Mwalimu Kombong alikuwa akigawa karatasi. Alimwona Banne mlangoni, miguu yote tope, anahema. Alimtazama kidogo, kisha akasema kwa sauti yake ile kubwa, "Banne!"

"Nipo, mwalimu!"

Darasa zima likacheka, na Sesa akaondoa mkoba wake kwenye kiti kwa haraka hata ukaanguka. Banne akakaa. Duma akamvuta nywele. Jamani, furaha ile! Swali la kwanza alilijua. La pili pia. Penseli ilikuwa inakimbia yenyewe, na kwa muda Banne alisahau kila kitu isipokuwa namba.

Halafu wazo likamjia: betri za redio zilikuwa za zamani. Zikiisha, chumba kitakuwa kimya. Babu atakuwa peke yake, kimya, na mlango umefungwa. Akaisoma namba ile ile mara ya pili, mara ya tatu. Namba zikaanza kuelea kwenye machozi, na tone moja likaanguka juu ya karatasi.

Mwalimu Kombong akamwita nje. "Unaumwa?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Tumbo linauma, mwalimu, nani angebisha? Banne alifungua kinywa kulisema tumbo, kikamtoka kilichokuwa moyoni. "Nimemwacha babu peke yake. Nimetoroka, mwalimu. Baba hajui, mama hajui."

"Peke yake?" Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Na yeye ni mtu wa huku huku. "Mzee Layuk yuko peke yake nyumbani?"

"Na redio," alisema Banne, akaangua kilio.

Mwalimu alikuwa hajui acheke au alie pamoja naye. Akamwomba mwalimu wa darasa la tano aangalie mtihani, akachukua mwavuli wake. "Twende. Pale kibandani tutapita tununue sigara za karafuu. Mikono mitupu siingii nyumba yenye mgonjwa."

Kwa bahati mbaya siku hiyo jembe la Rerung lilikuwa limevunjika mpini, akarudi nyumbani kutafuta mwingine. Banne na mwalimu walipofika, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, mpini mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Redio ilikuwa bado inasema.

"Nimeingia nikasikia mtu anaongea na baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha Banne kuliko kama angepiga kelele. "Nikasema moyoni, ahsante Mungu, jirani amekuja kumtazama mzee. Nafungua mlango, redio! Redio, Banne! Babu yako umemwachia redio!"

"Nisamehe, baba."

"Si ungeniambia!"

"Nilikuambia, baba," Banne alisema.

Hapo Mwalimu Kombong akapiga hodi, ingawa alikuwa ameshaingia.

"Samahani, Baba Banne. Najua una hasira, na mimi nina yangu. Lakini nimeingia nyumba yenye mgonjwa. Acha nianze kwa mgonjwa."

Ndiyo desturi. Rerung akampisha. Mwalimu akavua viatu, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka pakiti ya sigara karibu na mkono wa babu. Na kwetu mtu anayezungumza na mgonjwa hakatizwi, hata awe anasema mambo yanayokuchoma maini. Nadhani mwalimu alilijua hilo vizuri sana.

"Shikamoo, Mzee Layuk. Ni mimi Kombong, yule uliyesema sauti yangu ni kubwa kuliko mwili. Nimekawia kuja kukujulia hali, nisamehe. Mzee, unakumbuka ulivyomleta mjukuu wako siku ya kwanza? Nywele zake mwenyewe umezifunga, mtoto wa watu kichwa kimekwenda upande! Uliniambia hivi: mwalimu, baba yake yuko mbali, basi mtoto huyu akikosa shule, nitafute mimi. Usimgombeze yeye. Kumfikisha mtoto shule ni kazi ya mkubwa."

Rerung alikuwa ameegemea kizingiti. Hili alikuwa hajawahi kulisikia.

"Sasa mzee," mwalimu aliendelea, "kiti chake kimekuwa kitupu na mimi sikukutafuta. Nilijiambia, nyumba ile ina mgonjwa, nisiwasumbue. Hapo nilikosea. Mtoto asipofika, shule inatakiwa iulize siku ile ile. Na nyumba nayo, mtoto akiwa na jambo, inatakiwa itoe taarifa siku ile ile, na ikiitwa mkutanoni ije. Hatukuuliza, hawakusema. Sisi wakubwa wote tumenyamaza, na ukimya wetu umemwangukia mtoto. Leo amekuja kwenye mtihani, ameandika nusu, akalia. Hakuulilia mtihani, mzee. Alikulilia wewe. Mtoto wa namna hii namfukuza vipi? Na namwacha vipi? Uliniambia nikutafute, nimekuja. Niambie, arudi au asirudi?"

Redio ilikuwa ikitaja bei ya kahawa ya soko kwa soko. Rerung akaja akaizima. Kisha, badala ya kusimama, akaketi sakafuni upande wa pili wa kitanda, akauweka ule mpini chini.

"Baba," alisema. "Baba, mimi nilikuwa mgodini."

Banne alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiongea na babu hivyo. Kila siku alimsalimia tu na kupita.

"Ulikaa peke yako nyumba hii mchana kutwa. Mke wangu shambani, mtoto shule, na mimi nafukua udongo wa watu. Ukanipigia simu ukasema, njoo tunywe kahawa. Nikakujibu, mwezi ujao, baba. Ukanipigia tena, nikasema mwezi ujao." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Nilipofika ulikuwa huongei. Nikaapa hutakaa peke yako tena, hata kidogo. Ndiyo maana, baba. Ndiyo maana tu."

Mama Banne alikuwa ameshafika. Habari kwetu hazihitaji barabara. Mtu alimwona mwalimu akipanda na mwavuli, na mama akaacha kikapu cha kahawa kati ya miti. Alisimama mlangoni, jasho linamtoka, na yote haya aliyasikia.

"Hutaki mzee akae peke yake," alimwambia mumewe kwa upole. "Ni vizuri. Basi kaa naye wewe."

Rerung akainua macho.

"Banne alikuwa anakaa naye jioni zote alipokuwa anaongea, anacheka, anabishana na redio," mama alisema. "Yeye zamu yake ameshaikaa, Baba Banne. Iliyobaki ni yako. Na mimi nina kosa langu, maana nililiona hili kitambo nikawa naongeza mchuzi tu."

Kisha Rerung akamvuta binti yake, akampangusa tope kwenye goti kana kwamba ndilo lililokuwa muhimu zaidi wakati ule.

"Mwalimu," alisema, "ule mtihani umekwisha?"

"Kwa leo umekwisha. Lakini Jumatatu nitamkalisha tena, yeye na wawili waliokuwa na homa. Ila nisikilize vizuri. Kabla ya kengele awe darasani, kila siku. Siyo siku ambazo kazi ni chache, kila siku. Akiugua, mtu aje aniambie asubuhi hiyo hiyo. Na nyumba ikiwa na shida, njoo tuizungumze kabla hujamtoa mtoto kwenye kiti chake. Sikuombi hisani, Baba Banne. Huo ni wajibu wako, kama kumlisha."

"Nimesikia," alisema Rerung.

"Na wewe," mwalimu akamgeukia Banne, "kumtoroka mgonjwa si jambo la kurudia. Lakini umesema kweli mara ya kwanza ulipoulizwa, na ndiyo maana niko hapa. Ungenidanganya tumbo, ningekupa maji ya chumvi ukarudi darasani, na leo yote haya yasingesemwa."

Wakapanga. Asubuhi Rerung alibaki nyumbani. Alileta kahawa aliyoivuna chumbani kwa babu, akaketi hapo akimenya maganda na kuchagua punje mbovu, kazi ambayo awali aliifanya shambani kwa haraka haraka. Mchana Banne akirudi, baba alikwenda majarubani, na Sesa alikuja wasome pamoja miguuni pa babu. Siku ya soko jirani alishika zamu. Kahawa iliyovunwa ilipungua kidogo mwaka ule, hilo sitaficha. Lakini wapita njia walimsikia Rerung asubuhi nzima akizungumza na baba yake, mambo ya mgodini, mambo ya utotoni, na mara nyingine alikuwa akibishana naye kuhusu bei.

Banne akafanya mtihani wa majaribio, kisha wa mwisho. Siku ya matokeo wazazi waliitwa shuleni, na safari hii Rerung alikuwa wa kwanza kufika, shati limepigwa pasi, hajui aweke wapi mikono. Banne alikuwa amefaulu kwenda sekondari. Mwalimu Kombong akauliza kama yupo mzazi mwenye neno. Watu wakashangaa kumwona Rerung anasimama.

"Mimi si msemaji," alisema. "Nina neno moja kwa wazazi wenzangu. Nilimpenda baba yangu nikachelewa kumwonyesha. Nikataka kurekebisha, na badala ya kurekebisha kwa siku zangu nikachukua siku za binti yangu. Nilidhani namheshimu mzee. Kumbe nilimkalisha mtoto mahali pangu. Nyumba zetu hazikosi shida. Kuna mavuno, kuna wagonjwa, kuna wadogo wa kulea. Hizo ni zetu sisi wakubwa. Mtoto asipofika shule, tusimuulize mtoto kwanza. Tujiulize sisi amekalia mahali pa nani." Akakaa ghafla, kama mtu aliyekatwa miguu, na watu wakapiga makofi.

Walirudi nyumbani, mbele baba, nyuma Banne. Ngazini baba alisema, "Nenda kamwambie mwenyewe."

Banne akaingia chumba cha nyuma. Mama, aliyekuwa na zamu, akampisha. Banne akaketi kando ya kitanda.

"Babu, nimefaulu. Nakwenda sekondari mjini."

Akasubiri. Miezi yote ile alikuwa amezungumza naye na ukimya wake haukumsumbua, maana mgonjwa ana haki ya kunyamaza. Lakini leo alitaka neno moja. Hata "ehe" tu ingetosha. Hata amtanie, aseme nywele zake zimekwenda upande. Akasubiri mpaka alipoelewa kwamba halitakuja, leo wala siku nyingine, na kwamba sherehe ikifika watambeba na chumba hiki kitabaki na kitanda kitupu. Akainamia ukingo wa kitanda, akalia bila kujificha.

Baba yake akaja akaketi karibu naye. Hakumwambia anyamaze.

"Hajibu, baba," Banne alisema.

"Najua, mwanangu," alisema Rerung. "Na mimi kila asubuhi namngoja."

Wakakaa hapo wote wawili, mpaka mama alipowaita kula.